Teria anapochechemea mguu wa nyuma: tazama kabla ya kuomba sindano

Mwiba hauji na kuondoka. Ukimwona Jack Russell, mmoja wa mbwa wadogo wa aina ya teria, anakimbia vizuri kwenye nyasi za Njoro, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua tatu kwa miguu iliyobaki, anaurusha ule mguu nyuma kwa teke moja, kisha anaendelea kumfukuza panya wake, usihangaike kutafuta mwiba. Hiyo ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, iliyoteleza kutoka mahali pake na kurudi yenyewe. Mwenye mbwa atakwambia, "Lakini halii." Teria hulia kwa nadra. Ukoo wake ulizalishwa kuingia mashimoni kumkabili mnyama aliyejificha humo, na mbwa wa kazi hiyo hafai kama analalamika. Akichechemea, chukulia kwamba anaumia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mambo matatu humaliza nusu ya kazi ya kutafuta chanzo: umri wa mbwa, namna kuchechemea kulivyoanza (ghafla au polepole), na jinsi anavyoutumia ule mguu sasa. Sindano ya maumivu inayochomwa haraka haraka kwenye agroveti hufuta mawili kati ya hayo. Maneno ni yale yale, Kisumu au Nakuru: "Daktari, mchome tu kitu cha maumivu, wiki ijayo ndipo nitamleta vizuri." Mara nyingi kinachochomwa ni deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoficha uvimbe na maumivu. Jioni mbwa anaruka juu ya kochi, siku ya pili anakimbia na wenzake, na goti lililokuwa limechanika kidogo linachanika kabisa. Daktari atakayempima siku ya tatu anakuta mguu usio na maumivu ya kumwonyesha pa kuanzia. Ubaya mwingine ni kwamba deksamethasoni haichanganywi na dawa za maumivu zinazofaa kwa viungo. Zikikutana mwilini hutoboa tumbo, kwa hiyo daktari analazimika kungoja siku kadhaa kabla ya kumpa dawa aliyoihitaji tangu mwanzo.

Kabla ya dawa yoyote, basi, chukua simu. Mtu mwingine ashike mbwa kwa kamba fupi, atembee naye polepole kwenye murram au saruji isiyoteleza, mita kumi kwenda na kumi kurudi. Rekodi ukiwa umechuchumaa, simu iwe kwenye kimo cha mbwa, mara moja ubavuni na mara moja kwa nyuma, halafu mrudie kwa mwendo wa mchakamchaka. Teria hupiga hatua haraka kuliko jicho linavyofuata, kwa hiyo ichezeshe video polepole. Mguu mbovu wa nyuma unapogusa ardhi, kichwa huinama kwa sababu anahamishia uzito mbele. Ukimtazama kwa nyuma, kiuno cha upande mbovu hupanda juu zaidi kuliko cha upande mzima. Rekodi pia anavyoamka asubuhi. Anayeanza kwa ukakamavu kisha analegea baada ya dakika kumi za kutembea mara nyingi ana kiungo kilichozeeka, na baridi ya Julai huko Njoro na Molo humzidishia. Video hii utaihitaji kwa daktari, kwa sababu mbwa mwenye hofu akifika kliniki hutembea sawasawa kabisa, na wewe unaonekana mzushi.

Halafu anza chini, kwenye kucha, upande juu hadi mgongoni. Wengi huanza na nyonga kwa sababu wamesikia habari za nyonga za German Shepherd, ilhali kwa teria nyonga ina ugonjwa mwingine kabisa, na mara nyingi tatizo lenyewe liko wayoni.

Mlaze ubavu, mguu unaouma ukiwa juu. Tanua kila kidole kwa taa ya simu. Nakuru na Gilgil, miiba ya migunga huvunjikia ndani, na tundu la juu hujifunga kabla ncha haijatoka, kwa hiyo utakachoona ni uvimbe mwekundu kati ya vidole usiopona. Mijini ni vigae vya chupa. Bonyeza kila sehemu laini ya wayo kwa kidole gumba na utazame uso wake badala ya mguu, kwa maana atalamba midomo au atageuza kichwa kabla hajavuta mguu. Kucha iliyopasuka hadi kwenye nyama huuma kuliko inavyoonekana, na mbwa anaweza kuubeba mguu juu siku nzima kwa sababu hiyo tu. Kucha zikigonga sakafu akitembea, ni ndefu mno. Zinasukuma vidole juu na kubadilisha namna anavyokanyaga. Kata kidogo kidogo, ukiacha milimita 2 kabla ya nyama ya waridi. Ukikosea ikatoka damu, bandika unga mkavu wa ngano na ubane kwa dakika tano bila kuchungulia.

Magharibi, kuanzia Bungoma hadi Busia na vijiji vya kando ya Kakamega, kuna kitu ambacho vitabu vya teria vilivyoandikwa Ulaya havikitaji: funza. Huingia kati ya vidole na kwenye kingo za wayo, na anayejua kuwatazama kwenye vidole vya mtoto atawajua kwa mbwa, ile duara nyeupe iliyovimba yenye kidoa cheusi katikati. Teria mwenye funza kadhaa kwenye mguu mmoja huchechemea na kujing'ata wayo usiku. Usimwagie mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe isiyopimwa. Huunguza ngozi, na mbwa hujilamba akaimeza. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ondoa funza kwa sindano safi bila kumpasua, kisha paka dawa ya vidonda. Kazi kubwa iko pale anapolala. Sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiwa kila siku, gunia analolalia lichemshwe au lichomwe, na watoto wa nyumba hiyo watazamwe miguu siku hiyo hiyo, kwa sababu mbwa na mtoto wanabadilishana funza wale wale.

Wayo ukiwa safi, panda hadi gotini. Hapa ndipo teria wadogo wengi wanapoangukia, hasa Yorkshire na Jack Russell.

Pia ya goti hukaa kwenye mfereji mwishoni mwa fupa la paja, ikiteleza juu na chini mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Kwa mbwa wadogo mfereji huo unaweza kuwa na kina kifupi, au fupa la paja na muundi (mfupa ulio chini ya goti) hukua kwa kupinda kidogo, hivyo msuli wa mbele ya paja unaivuta pia ya goti kwa mshazari hadi inatokea upande wa ndani. Anazaliwa na umbo hilo. Kuruka kutoka kwenye kochi huchochea tu kitu kilichokuwa tayari. Kumpima, mwache asimame, mtu amshike kichwa akimzungumzisha. Weka kiganja chini ya paja, kidole gumba upande mmoja wa goti na cha shahada upande wa pili. Utaisikia pia ya goti chini ya vidole; kwa Yorkshire wa kilo 3 haizidi punje ya haragwe dogo. Nyoosha mguu taratibu, isukume pia ya goti kuelekea ndani, kisha ukunje. Ikitoka utasikia mruko mdogo chini ya kidole, kabla hujasikia sauti yoyote. Fanya hivyo mara moja tu, bila nguvu, na akivuta mguu acha.

Madaktari huipanga kwa ngazi nne. Ya kwanza, pia hutoka ukiisukuma na kurudi ukiiachia. Ya pili hutoka yenyewe mara kwa mara na kurudi mbwa anaponyoosha mguu, na lile teke la kurusha mguu nyuma ndilo linaloirudisha. Ya tatu hukaa nje muda mwingi ingawa unaweza kuirudisha kwa mkono. Ya nne iko nje moja kwa moja na hairudi. Mbwa wa ngazi ya tatu na ya nne kwenye miguu yote miwili hachechemei upande mmoja. Hutembea amekunja magoti, mgongo umeinuka, na watu husema "ndivyo alivyo."

Ya kwanza haihitaji kisu. Ya pili ni ya kupima: kama anaruka mguu mara moja kwa wiki na misuli ya paja haipungui, uzito na sakafu vinaweza kutosha kwa miaka. Kama ni kila siku, gegedu (tishu laini inayofunika mifupa ndani ya kiungo) linasagika kila pia inapopita ukingoni, na kusubiri kuna gharama. Ya tatu na ya nne ni za upasuaji, na kwa mbwa anayekua zisisubiri, kwa sababu mifupa inazidi kupinda kadiri anavyokua.

Muulize daktari atafanya nini hasa ndani ya goti. Upasuaji kamili huwa na vipande vitatu: kuongeza kina cha mfereji, kukata ule mwinuko wa mbele ya muundi ambako kano ya pia imejishikiza na kuusogeza upande wa nje, kisha kuushikilia kwa pini nyembamba za chuma, na mwisho kukaza utando wa upande wa nje na kulegeza wa ndani. Si kila mbwa anahitaji vyote vitatu. Ila ukisikia kwamba atakaza utando tu kwa nyuzi, na mbwa ni wa ngazi ya tatu, jua kwamba nyuzi hulegea baada ya wiki kadhaa kwa sababu mfupa uliopinda bado unavuta. Hilo ndilo chimbuko kubwa la magoti yanayorudia.

Goti hilo hilo lina ajali ya pili. Mbwa wa miaka mitano au zaidi, mnene kiasi, alikuwa sawa asubuhi, na jioni anagusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Shuku kano ya msalaba ya mbele, ile inayozuia muundi kuteleza mbele. Mwangalie anavyokaa. Mwenye kano iliyokatika hukaa na mguu ameutupa kando badala ya kuukunja chini yake. Daktari hushika fupa la paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, na muundi ukiteleza mbele, jibu limepatikana. Mbwa aliyekaza misuli kwa woga huficha dalili hiyo, ndiyo maana kipimo hurudiwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Pia iliyoteleza kwa miaka huidhoofisha kano hii, kwa hiyo matatizo yote mawili hukutana goti moja mara nyingi.

Mbwa mzito huhitaji upasuaji karibu kila mara. Teria wa kilo 5 au 6 ana bahati kidogo, kwani wengine hurudia kutembea vizuri kwa mapumziko ya wiki sita hadi nane na kupunguza uzito, goti likijifunga kwa tishu ngumu kuzunguka kiungo. Asipopata nafuu ya kuonekana kufikia hapo, au ukisikia kitu kinagonga ndani ya goti kila anapokanyaga, gegedu la katikati limeumia na haliponi kwa kulala. Upasuaji wa kawaida kwa mbwa wa kimo hiki ni uzi mnene wa nailoni unaofungwa nje ya kiungo. Lingoje goti la pili pia: mbwa wengi hukata kano ya upande mwingine ndani ya miaka michache.

Nyonga ina kisa chake. Ukiwa na teria wa miezi mitano hadi minane, Yorkshire au Westie (West Highland White) hasa, aliyeanza kuchechemea kidogo kidogo bila kuanguka wala kupigwa, na kila wiki anazidi, usimngoje "akue aache." Kuna ugonjwa unaoitwa Legg-Calvé-Perthes, kwa majina ya madaktari watatu, Mmarekani, Mfaransa na Mjerumani, walioueleza kwa watoto wa binadamu mwaka 1910. Damu hukatika kwenda kwenye kichwa cha fupa la paja, kile cha duara kinachoingia kwenye nyonga. Mfupa hufa, mwili huanza kuuondoa, na uzito wa mbwa hukibonyeza kile kichwa hadi kinapoteza uduara. Kwa nje huoni chochote. Ila chukua futi ya fundi wa nguo, zungushia paja juu kabisa karibu na kinena, kila upande, mbwa akiwa amesimama. Tofauti ya sentimita moja kwa mbwa mdogo hivi ni kubwa: misuli inayeyuka kwa kutotumika. Nyoosha mguu nyuma au uutanue kando, naye atageuka kukutazama, pengine kukung'ata.

Hapa eksirei haina mbadala. Mbwa hupewa dawa ya usingizi, alazwe chali, picha ichukuliwe miguu ikiwa imenyooshwa na nyingine ikiwa imekunjwa na kutanuliwa. Picha ya mapema sana inaweza kuonekana safi, kwa hiyo kama dalili zinaendelea irudiwe baada ya wiki tatu au nne. Dawa ni kukiondoa kichwa hicho pamoja na shingo yake. Watu husikia hivyo wakashtuka: mbwa atatembeaje bila kiungo? Atatembea, kwa sababu misuli na tishu ngumu hutengeneza kiungo cha bandia, na kwa mbwa mwepesi kinatosha kukimbia nacho maisha yote.

Kosa linaloharibu upasuaji huu hutokea nyumbani. Baada ya goti, mbwa anafungiwa. Baada ya nyonga hii, anafanyiwa mazoezi mapema. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, akiwa na dawa ya maumivu, mlaze ubavu, shika paja, nyoosha na kunja nyonga polepole mara kumi hadi kumi na tano, mara tatu kwa siku. Wiki ya kwanza atembee kwa kamba, polepole, kwa sababu mbwa anayekimbia huubeba mguu juu na anayetembea taratibu hulazimika kuukanyaga. Ukimfungia wiki sita kwa huruma, nyonga hukakamaa na paja halirudi.

Mtoto wa mbwa anayechechemea miguu tofauti tofauti, na anayelia ukimbeba, muulize kwanza anakula nini. Aliyelishwa nyama tupu, mapafu na matumbo bila mifupa, hupata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili huichomoa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, ambayo hupinda au kupasuka akiruka tu kutoka kitandani. Wanaofuga Kisumu wana nafuu moja: omena mzima huliwa na mifupa yake. Kwa nyama tupu ya mbwa mkubwa, nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyokaushwa na kusagwa laini kwa kila nusu kilo hukaribia kusawazisha. Kwa mtoto, chakula kamili cha watoto wa mbwa ni salama kuliko hesabu za jikoni.

Mgongo mara nyingi hudhaniwa mguu. Jack Russell ni mmoja wa wanaopata diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, iliyotoka mahali pake. Kipimo chake ni cha sekunde mbili. Akiwa amesimama na umemshikilia tumbo, pindua wayo wa nyuma ili sehemu ya juu ndiyo iguse sakafu. Mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha umepinduka, au akiburuta kucha hadi zinalika kwa juu, mishipa ya fahamu ina shida, na goti halihusiki. Anayeshindwa kusimama, au asiyehisi ukimfinya kidole kwa nguvu, ni wa dharura siku hiyo hiyo. Mbebe kwenye ubao au ndani ya karai pana, mgongo ukiwa umenyooka, usimning'inize kwa makwapa kwenye bodaboda.

Na kwenye kupooza kusikoeleweka, hasa kwa mbwa asiyechanjwa anayetokwa na mate na sauti imebadilika, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Kichaa cha mbwa bado kipo, na sura yake ya upole huanza hivi. Ukiguswa na mate penye jeraha au uking'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali.

Kuna kuchechemea kunakohama: leo mguu wa kulia, keshokutwa wa kushoto, na siku nyingine wa mbele. Ana homa, hali vizuri, pengine damu imetoka puani. Hiyo ni homa ya kupe, na kandokando ya Ziwa Viktoria mwaka mzima ni msimu wao. Erlikia, kijidudu kinachoenezwa na kupe, huvimbisha viungo, na mbwa huonekana mzee kwa wiki moja. Daktari apime damu. Dawa ya kawaida ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Mbwa huchangamka siku ya tatu, mwenye mbwa akaacha, na ugonjwa ukajificha hadi unarudi umeshambulia uboho. Kidonge apewe baada ya chakula na asukumiwe na maji, kwa sababu kikikwama kooni huunguza.

Sasa dawa za maumivu, kwa kuwa ndizo zinazoua kimya kimya. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa, na kwa kilo 4 kosa dogo ni kosa kubwa. Parasetamoli huweza kuua ini. Meloksikamu hutumika kwa mbwa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu iko pia kwenye duka la dawa za watu. Kipimo cha mbwa ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo kila siku, baada ya chakula. Mbwa wa kilo 5 anahitaji miligramu 0.5 kwa siku. Kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5, yaani dozi ya siku kumi na tano kwa mpigo. Nusu ya kidonge, ambayo watu hudhani ni busara, bado ni zaidi ya mara saba. Omba ile ya maji yenye bomba la kupimia, ambayo daktari ameiandika kwa uzito halisi. Kupata uzito, panda mizani ya bafuni ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Akitapika, akiharisha kinyesi cheusi au akikataa chakula, dawa isimamishwe na daktari apigiwe siku hiyo.

Neno mapumziko nalo linahitaji vipimo. "Tulimpumzisha" mara nyingi maana yake hakutolewa nje ya geti, huku ndani ya nyumba anapanda makochi na kubweka dirishani kila tuktuk ikipita. Mapumziko ni boksi au kizimba cha mbao cha takriban sentimita 90 kwa 60, chini pawe na blanketi lisiloteleza. Anatoka kwa kamba tu, mara nne kwa siku, dakika tano hivi, kwenda haja na kurudi. Wiki sita za namna hiyo baada ya upasuaji wa goti ni ndefu kwa teria, na ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu maumivu yameisha na mfupa bado. Mpe kazi ya mdomo: chakula chake kigandishwe kwenye kopo safi alambe saa nzima.

Sakafu za vigae zinazong'arishwa ndizo adui wa goti dogo. Tandika mikeka yenye mpira chini kwenye njia anayopita, kutoka anapolala hadi mlangoni hadi kwenye bakuli, na ukate nywele zinazoota kati ya vitanga vya wayo. Panapo ngazi, weka kizuizi.

Uzito unabeba mengi. Kwa Jack Russell, wazalishaji huhesabu kilo 1 kwa kila sentimita 5 za kimo, hivyo wa sentimita 25 awe kama kilo 5 na wa 30 kama kilo 6. Kilo moja ya ziada ni sehemu ya tano au ya sita ya mwili mzima. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu aonyeshe kiuno. Mbwa wa kilo 5 aliyepumzishwa anaishi kwa kalori kama 250 hadi 350 kwa siku, na chapati moja kubwa ya mafuta inakaribia hapo peke yake. Wajulishe watoto na bibi wa nyumba, kwa sababu mbwa huyu ana wapishi wengi kuliko unavyodhani.

Misuli ikianza kurejeshwa, kupanda mteremko mdogo polepole na kumfanya akae na kusimama mara tano, raundi tatu, kunazidi kukimbia. Maji yanafaa sana, ila usimpeleke kuogelea ziwani Dunga, Kisumu. Viboko hawajali mbwa anafanya mazoezi, na kichocho kinakungoja wewe utakayeingia naye. Beseni kubwa lenye maji ya vuguvugu hadi usawa wa goti lake linatosha.

Eksirei nzuri na mpasuaji wa mifupa wa mbwa wadogo havipatikani kila mji, kwani madaktari wengi wa kaunti siku yao ni ng'ombe na kuku. Hakikisha anayekutibia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na umuulize bila aibu amefanya magoti mangapi ya mbwa wa kilo 5. Daktari mzuri hujibu, au hukuandikia barua ya kwenda Kabete, kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au kwa mwenzake. Beba video, picha za eksirei zenyewe badala ya maelezo yake, na orodha ya kila dawa aliyochomwa na tarehe yake. Usiku wa kuamkia upasuaji mbwa mkubwa hufunga chakula kwa muda wa kama saa nane, ila mtoto wa Yorkshire chini ya kilo 2 hawezi, kwa kuwa sukari yake ya damu hushuka akaanza kutetemeka. Uliza saa kamili za kwake, na safari ya asubuhi kutoka Kisumu iwe na glukosi mfukoni ya kumpaka kwenye fizi.

Akiwa amelala pale mezani kwa ajili ya goti la kuzaliwa au nyonga ya Legg-Calvé-Perthes, ni wakati mzuri wa kumhasi pia, kwa dawa ya usingizi ile ile. Magonjwa hayo hurithiwa, na dume anayeazimwa mtaa mzima kwa sababu ni mdogo na mzuri anaweza kusambaza magoti mabovu kutoka Section 58 hadi Lanet, mitaa ya Nakuru, kabla mwenyewe hajaanza kuchechemea. Kabla ya kununua mtoto, omba kumwona mama yake akitembea, na kama inawezekana baba pia, kwenye sakafu ngumu, dakika mbili.